Baridi ya Austria Juu ya Bati la Mauwa

Mgeni siku ya tatu, jembe hushika mwenyeji. Jumatano asubuhi Mauwa aliegemeza ngazi kwenye banda lake la kuchongea pale Mwenge, akapanda na jembe la mpini mfupi, akaanza kukokota theluji juu ya bati. Ilikuwa imemfika magotini. Banda la Gervas, mchongaji mwenzake, lilipakana na lake ukuta kwa ukuta. Lilikuwa kavu, na bati lake lingeweza kukaanga yai.

"Dada Mauwa, hiyo isukumie huku," Gervas alisema kutoka chini, shati begani. "Mie naungua."

"Panga foleni."

Foleni ilikuwepo kweli. Ilikuwa Februari, na umeme ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Noela, muuza chakula, alikuwa amefukia samaki na soda zake kwenye lundo la theluji mlangoni pa Mauwa. Herieth alimleta mwanawe mwenye harara mwili mzima, akamlaza kwenye benchi ndani ya banda. Mtoto akalala, mara ya kwanza baada ya wiki mbili, na mama yake naye akalala papo hapo, ameketi. Hakuna aliyeuliza baridi imetoka wapi. Walijua ni ya Austria.

Kule, katika bonde moja la milimani, kila mwaka kabla ya Kwaresima wanaume huvaa vinyago vya mti vyenye pembe na meno, wakapita mitaani na kengele viunoni wakiifukuza baridi. Siku hizi kuna DJ juu ya lori na watalii wenye simu, lakini kinyago lazima kiwe cha mti, na fundi wao wa mwisho alishakufa. Kwa miaka sita mchongaji amekuwa Mauwa, akifuata picha anazoletewa na Nasser, mwenye duka la vinyago la tangu enzi za babu yake. Kila kinyago hufungiwa cheti kikifika: *Kimechongwa bondeni kwetu, kwa mikono ya wazee wetu.*

Baba yake Mauwa, Mzee Mwishehe, Mmakonde wa Newala, alimfundisha kushika tezo lakini hakumruhusu kuchonga kinyago cha ngoma ya kwao, kwa kuwa mwanamke hachongi uso wa ngoma. Hivi vya Wazungu alisema achonge tu. Uso wa watu wengine hauna mwiko. Hapo mzee alikosea. Mauwa alivichonga, na ndani ya kila kimoja, pale paji la uso linapoegemea, akakata mistari mitatu ya kupindapinda, chale za bibi yake. Kwake, kazi isiyo na alama ya fundi haijaisha. Hakumwambia mtu, na kila simu ya Nasser ilipoita, aliiacha iite mara tatu kabla ya kuipokea.

Mwaka huu kinyago cha mwisho cha zamani kilipasuka. Vyote arobaini vilivyotoka vilikuwa vya mkono wake. Baridi ilipofukuzwa ilimfuata aliyezichonga nyuso zilizoifukuza, ikafika Mwenge Jumatatu, saa za adhuhuri, ikakaa.

Saa nne Nasser alikuja na simu imewashwa. Kwenye kioo alikuwa Bwana Erasmus, mwenyekiti wa kamati ya ngoma ya bondeni, amevaa fulana, anapangusa jasho. Alizungumza kwa Kiingereza, Nasser akatafsiri. Picha za bati lenye theluji zilikuwa zimefika bondeni. Watalii walivigeuza vinyago, wakaona chale, wakaanza kuuliza ni wazee gani hao. Kwa hiyo kamati ilitaka Mauwa arekodi video fupi aombe radhi, kwanza kwa kutia alama kwenye urithi wa watu, pili kwa kuchukua baridi yao. Asiporekodi, mwakani hana kazi.

Mauwa alishuka ngazi. Simu hii aliiogopa miaka sita, na sasa ilikuwa imekuja. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Muulize, cheti kitabadilika?"

Nasser akauliza. Bwana Erasmus alijibu kwa upole kwamba vyeti vilishachapishwa, vya miaka kumi.

"Na baridi anaitaka lini?"

Desemba, alisema. Watu wa kuteleza kwenye theluji walishakata tiketi.

"Sijaiita. Ikitaka kuondoka, njia inaijua."

Nasser akafunika simu kwa kiganja. "Dada yangu, neno moja tu. Samahani. Hata kama halitoki moyoni, mie nitalinyoosha. Watu wanaombana samahani hata kwa kukanyagana, sembuse hili?"

Ndani, mtoto wa Herieth alijigeuza kwenye benchi, akaendelea kulala. Juu ya bati, na hapo tu, theluji ilianza kuanguka upya. Mauwa aliitazama, akaligonga jembe chini likakung'utika, akashika tena ngazi.

"Siombi radhi," alisema. "Mtafsirie hivyo hivyo, kaka Nasser. Usipambe."