Mdomo wa Bunduki ya Mcha

"Simama nyuma yangu, Bwana Mcha. Nyuma, si ubavuni!"

Fundi Mufaddal alikuwa ameshaipachika bunduki begani. Kwao Mji Mkongwe, tangu zama za babu yake, ada ni moja: fundi akiugusa mtutu, risasi ya kwanza huipiga mwenyewe, kwa bega lake. Ada nzuri sana, ilimradi kazi haina dosari.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bunduki ile kuukuu ilibanwa mdomoni, ikirusha marisau yake, zile chembe za risasi, kwa fundo moja. Mcha alitaka yatawanyike, awapate nguruwe wanaommalizia muhogo wake hapa Makunduchi. Mufaddal akaupanua mdomo taratibu, akapima unene wa chuma, akaridhika. Alipima mdomoni tu.

Bi Bashira, mamake Mcha, alikuwa amekaa kizingitini. "Marehemu mume wangu akiienzi hiyo," alisema kwa fahari. "Kila sikukuu ya Mwaka Kogwa akiisugua ndani kwa kumbi na mchanga wa pwani mpaka ing'are kama sufuria. Haikuingia kutu hata siku moja."

Mufaddal akautupia mtutu jicho. Mchanga! Chuma gani kisicholika kwa mchanga? Mng'aro ule aliuona kwa macho yake, na akausifu, mjinga yeye. Sasa mtutu uko shavuni pake na hajui kati umebaki unene gani. Aliogopa. Akaishusha bunduki.

"Nipeni kamba. Tuifunge mnazini, nivute kifyatulio kwa mbali."

Mcha akacheka. "Fundi wakimbia kazi yako mwenyewe?"

"Nnakimbia. Kosa langu, sikupima kati. Lete kamba."

Wakaifunga. Mufaddal akajibanza nyuma ya ukuta, akamtaja Mungu, akavuta kamba. Mlio ukatikisa kiambo kizima na kuku wakatawanyika. Bunduki ilikuwa nzima, na gunia la shabaha limetobolewa kwa mapana, vilevile alivyotaka Mcha.

"Si unaona!" Mcha alishaifungua, keshatia risasi nyingine. Huko shambani majani ya muhogo yakaanza kutikisika. Nguruwe hawakujali mlio wala nini.

Mufaddal akaupapasa mtutu. Hapo kati, mahali jicho lisipoona kitu, kidole chake kilikuta kivimbe. Asubuhi, alipoupaka mafuta, hakikuwapo.

"Usipige. Mtutu umevimba, utakupasukia usoni."

"Sioni kitu mie. Niachie, wananimalizia!"

Huyu akavuta kwake, yule akavuta kwake. Mcha ni mtu wa jembe, Mufaddal ni mtu wa tupa. Haikuchukua muda bunduki ikamponyoka Mufaddal.

"Bi Bashira, gusa wewe!" alipiga kelele. "Gusa hapo kati!"

Mama akaja, akagusa. Kidole chake kikapita, kikarudi, kikasimama. Alizunguka mbele, akasimama mkabala na mdomo wa bunduki, mgongo kwa nguruwe na macho kwa mwanawe.

"Mama, ondoka."

Bi Bashira hakusogea; nyuma yake mashina ya muhogo yaliendelea kuanguka, moja moja.