Siku ya Kufungua Mifuko

Siu-kiuk aliuchana mfuko wa nailoni, akalipasua jicho la ua, ua changa lisilochanua, kwa ncha ya kisu. Ndani jeusi. Akapasua la pili, jeusi vilevile. Mti mzima ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, na utepe mwekundu ulikuwa wa Thuy, mkazamwana wake.

Hapa bondeni Dongshi kila anayebebesha vikonyo, vile vitawi vya kupandikiza vyenye macho ya maua, kwenye mipeasi hufunga kwa utepe wa rangi yake, ili visiposhika ijulikane ni mkono wa nani. Siu-kiuk alikuwa amefunga buluu miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumcheka. Mwaka jana baridi iliua maua yote. Mwaka huu mwanawe, A-Fuk, alikwisha sema wazi: yakifa tena, mwenye msumeno anakuja Ijumaa, miti yote sitini chini, na yeye na mkewe wanahamia mjini kutafuta kazi ya kiwanda. Mama akitaka, awafuate. Siu-kiuk hakutaka. Hakujua angeamkia nini asubuhi mahali pasipo na mti.

"Njoo uone kazi yako," alimwita Thuy.

Thuy akaja, akasimama mikono nyuma. Siu-kiuk alimwambia kwamba amekata kishamba, kwamba hakulinganisha uzi wa kijani chini ya gamba la kikonyo na ule wa tawi, kwamba huko kwao Vietnam labda wanajua mpunga tu. Sauti aliipandisha makusudi, ili jirani yao Lo, aliyekuwa juu ya ngazi ng'ambo ya mtaro, asikie. Kusema kweli alikuwa anaona raha kidogo, ile raha mbaya ya mtu aliyepata wa kumtupia lawama.

A-Fuk alikuja, akatazama yale macho meusi. "Na yako, mama?"

"Yangu yana nini? Twende."

Mti wa kwanza wa buluu, jeusi. Wa pili, jeusi. Kwenye wa tatu Siu-kiuk aliweka kisu chini. Alifungua utepe akatazama chini yake: kidonda kimepona, kikonyo kibichi, kimeshikana na tawi. Akarudi mbio kwenye mti wa Thuy, akafungua na pale. Kimeshika pia, tena kimekatwa vizuri kuliko chake. Basi hakuna mkono uliokosea. Maua yalikuwa yamekufa kabla kisu hakijavigusa vikonyo.

Ndipo akakumbuka. Vikonyo vile, vilivyotoka Japani, vilikaa siku nne kwenye friji ya nyumbani vikingoja mvua ikatike. Siku hizohizo, kwa ajili ya sadaka ya mungu wa ardhi ya kufunga mwaka, yeye mwenyewe alinunua matufaha kumi na mawili mekundu, akayapanga kwenye friji hiyohiyo kwa heshima zote. Kila mtu bondeni anajua kwamba tufaha likikaa na vikonyo, hewa yake huua ua ndani ya jicho. Thuy alifundishwa hilo na yeye mwenyewe.

Alimtazama mkazamwana wake. Thuy hakukwepesha macho.

"Uliyaona?" Siu-kiuk aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niliyaona, mama."

"Mbona hukuyatoa?"

"Ulisema vitu vya sadaka nisiviguse. Mwaka jana nilishika machungwa, ukayaosha upya mbele ya wageni."

A-Fuk aliuliza wanaongea nini. Siu-kiuk angeweza kusema ni baridi. Wiki ile baridi ilikuwepo, na nani angebisha? Thuy asingesema neno, hilo alilijua, na kulijua kulimuuma kuliko yale maua. Huko ng'ambo mkasi wa Lo ulikuwa umenyamaza.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ileile aliyogombea nayo. "Niliweka matufaha na vikonyo. Thuy hana kosa."

A-Fuk alifumba macho. Ingekuwa nafuu angefoka.

Lo alishuka, akakohoa, akasema amebakiwa na fungu moja la vikonyo, la kutosha miti minne hivi. Wachukue, ila wabebeshe leo, kesho kuna mvua. "Na msilipitishe jikoni," aliongeza.

Miti minne kati ya sitini si mavuno. Siu-kiuk alilipokea fungu kwa mikono miwili hata hivyo, akachagua kikonyo, akainua kisu. Akakigeuza kisu, akampa Thuy mpini.

A-Fuk alikwenda kusimama mtaroni, amewapa mgongo, simu sikioni. Kama alikuwa anamwita mwenye msumeno au anamwambia asije, kutoka pale haikusikika.

Thuy alikata mara moja, safi. Siu-kiuk akainama kumshikia tawi.

"Sogea kidogo, mama," Thuy alisema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Siu-kiuk akasogea.