Setingi za Mzee wa Kona

"Nani kakutengenezea gari hili?"

Fundi aliuliza akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa ametoka kibandani kwake, shingo imemkakamaa kwa kuinamia cherehani tangu asubuhi, vipande vya uzi vimemganda kwenye suruali kama mtu aliyelala majanini. Alichotarajia kukuta nyumbani ni maji ya kuoga. Hakutarajia kuliona gari lao la buluu, lile la milango minne, likiingia kona ya ghala kwa mwendo ule na kutoka limenyooka kama kola iliyopigwa pasi.

Mkewe hakugeuza kichwa. Alikuwa ameketi mkekani mbele ya televisheni, unga wa mashine ya kusaga anakofanyia kazi bado umemkaa kwenye nyusi, ncha ya ulimi inachungulia pembeni mwa mdomo.

"Karibu, mume wangu. Subiri nimalize mzunguko."

"Nimeuliza nani kalitengeneza."

"Mzee wa Kona."

"Mzee wa Kona ndiyo nani?"

"Simjui. Mtu tu, huko mtandaoni. Kaweka setingi zake watu wazichukue, na mimi nikachukua. Hebu tazama!" Kidole chake kiligusa kidogo, gari likalala kidogo, likageuka, likaondoka zake. "Umeona? Halibishi!"

Fundi aliona. Ndilo lililomuuma.

Ieleweke kwamba wawili hawa hawakuwa na gari. Gari la mwisho kupanda pamoja lilikuwa la harusi yao, nalo lilizimika njiani, bwana harusi akashuka kusukuma. Walichokuwa nacho ni mashine ya gemu ya mtumba, iliyokuja na padi moja tu ya kuchezea, na hiyo moja ndiyo iliyowapangia kazi: yeye fundi, mkewe dereva. Kila jioni Fundi aliishika kwanza, akazama kwenye setingi, akakaza springi, akashusha bodi, akapunguza upepo wa matairi. Halafu alifika kwenye uhondo wenyewe. Gari la namna ile linavuta kwa magurudumu yote manne, na ujanja wote ni kugawa nguvu: ya mbele yapate kiasi gani, ya nyuma kiasi gani. Ukizidisha mbele, pua inakuwa nzito, gari linaiona kona na kuipita kama mtu aliyemwona mkwe wake barabarani. Ukizidisha nyuma, linacheza kiuno mpaka linajipiga ukutani. Fundi aligawa, akapunguza, akaongeza, akalijaribu mwenyewe mzunguko mmoja, kisha akampa mkewe padi na kuegemea ukuta kusubiri maneno matatu.

"Hapa Fundi kapatia."

Mchana kutwa watu wazima walijigeuzageuza mbele ya kioo chake wakisifu suti zao, naye akaitikia tu huku sindano ziko mdomoni. Lakini hayo maneno matatu ya jioni ndiyo yaliyokuwa yakimshibisha. Na sasa alikuwa amesimama mlangoni na kiatu mkononi, mkewe anamsifia mwanaume mwingine. Ni mshonaji pekee angemwelewa, tena yule ambaye mke wake amerudi nyumbani na gauni la fundi wa mtaa wa pili, na gauni lenyewe limemkaa.

Wakati wa kula mke aliuliza, "Chumvi imetosha?"

"Muulize Mzee wa Kona."

Mke alikiweka kijiko chini, akamtazama, akacheka mpaka akapaliwa. Fundi hakucheka. Alimpigapiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake kibandani alijikuta akimsimulia mwenzake, mtu wa kutoboa matundu na kutia vifungo, ambaye kwa ajili hiyo hakuna aliyemwita jina lingine zaidi ya Vifungo.

"Ngoja nielewe," alisema Vifungo, uzi ukining'inia mdomoni. "Mkeo ana mwanaume kwenye televisheni."

"Sijasema hivyo."

"Umemwona sura?"

"Hana sura. Kaweka picha ya helmeti."

"Loo! Anajificha! Huyo si mtu mzuri." Vifungo alikata uzi kwa meno. "Na huyo mwenye helmeti, kakushinda nini hasa?"

Fundi alikanyaga cherehani, ikanguruma, ikawa ndilo jibu.

Alijaribu kushindana kiungwana. Jioni ile, mkewe akiwa bafuni, aliunda setingi mpya kabisa, akaipapasa kila namba kama mtu anayetafuta fundo kwenye kitambaa cha hariri. Mke akaja, nywele zinadondosha maji, akaendesha mizunguko miwili kwa adabu zote.

"Siyo mbaya," alisema.

Fundi alilijua neno hilo. Mteja anayesema siyo mbaya hulikunja koti lake vizuri, hukuaga kwa heshima, na humwoni tena. Hata kabla hajakaa sawa, mkewe alikuwa amelirudisha gari la Mzee wa Kona, na ulimi umerudi pembeni mwa mdomo.

"Huyu mtu," alisema taratibu, kama anayeongea peke yake, "ni kama ananijua."

Hapo wivu ukavua viatu, ukaingia ndani, ukatandika.

Jumamosi hiyo kulikuwa na shindano. Mke alikuwa na dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, mwenye gemu hilohilo na mdomo wa kulitosha. Tangu utotoni, mdogo alivaa nguo zilizombana mkubwa, alikalia kiti alichoinuka mkubwa, na hajawahi kumshinda kwa lolote, hata kwa kuota meno. Kwenye gemu pia dada alimpiga kila walipokutana. Lakini wiki hii mdogo alikuwa anajiandaa. Alitembea nyumbani akipinda kona za vyumba kwa mabega. Alifagia huku ananguruma kama injini.

"Jumamosi namshinda," alimwambia mumewe. "Mara moja tu. Nikimshinda mara moja, basi, nitalala hata mwaka."

"Kwa gari la nani?" aliuliza Fundi, ingawa alijua.

"Lililo tayari."

Jumamosi mchana, mke akiwa bado mashineni, Fundi alimwambia Vifungo kichwa kinamgonga. Alifunga kibanda, akaja nyumbani, akawasha televisheni, akapunguza sauti ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia. Akaifungua setingi ya mtu wa helmeti. Kwa mara ya kwanza alizitazama namba zake kwa utulivu, na zilimkera kwa ulaini wake: springi za mbele zimelegezwa, nguvu imesogezwa nyuma kiasi, breki hazina papara. Kazi safi. Kama angekuwa mshonaji mwenzake, angemwonea haya.

Hakubomoa. Fundi mzuri habomoi. Alisogeza nguvu kidogo tu kuelekea mbele, akakaza springi za mbele kidogo tu, kama mtu anayepunguza kiuno cha suruali ya bwana harusi nusu ya unene wa kidole, kiasi cha kutoonekana kwa macho lakini bwana harusi asiweze kuinama. Akahifadhi. Akanawa mikono, sijui kwa nini.

Jioni simu ililazwa mkekani, spika imewashwa.

"Mdogo wangu, umekula?" sauti ya dada ilijaa chumba. "Kula, maana ukifungwa na njaa utasingizia njaa."

"Nimekula. Wewe umeaga watu wako?"

"Ehee! Ana mdomo siku hizi! Shemeji, ndiyo umemfundisha hayo?"

"Mimi simo, shemeji," alisema Fundi kutoka ukutani.

Taa zikawaka. Magari yakaruka. Kwenye barabara iliyonyooka mke alimpita dada yake, akapiga kelele kama mtoto, na Fundi akasahau kidogo, akajikuta amekaza ngumi kwa furaha. Kisha ikaja kona ya ghala. Mke akagusa pale anapogusa siku zote. Gari likaitazama kona, likapita. Ukuta ukalipokea.

"Ukuta umekukosea nini, mdogo wangu?"

Mke alirudi barabarani, akakimbiza, akafika kona ya pili, akagusa mapema zaidi. Pua ikagoma tena. Mzunguko wa mwisho dada alikuwa mbali kiasi kwamba alikuwa anapiga honi za bure njiani.

Fundi alikuwa ameiandaa sura yake tangu mchana: ya huruma, yenye neno "nilikuambia" limefichwa pembeni. Alisubiri mkewe amlaani Mzee wa Kona. Alisubiri padi igeuzwe upande wake na sauti iseme, basi nitengenezee wewe.

"Gari halina kosa," alisema mke. "Ni mimi."

"Usijali," dada alisema, na kicheko kilikuwa kimempungua. "Siyo kila mtu ana mkono."

"Ndiyo. Sina." Aliifuta padi kwa upindo wa gauni, taratibu, kila kitufe, kama mtu anayesafisha chombo cha kurudisha kwa wenyewe. "Nilidhani kuna kitu kimoja nimekiweza. Shika, mume wangu. Uwe unacheza mwenyewe."

Akaiweka mikononi mwake. Ilikuwa na joto la vidole vyake. Sasa hapakuwa na Mzee wa Kona wala helmeti yake, na hapakuwa na dereva. Mwanaume alikuwa ameshinda nyumba nzima, hana wa kumwonyesha.

"Nimeligusa," alisema.

"Umegusa nini?"

"Gari. Mchana. Nimepeleka nguvu mbele. Na springi."

Mke alimtazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Shemeji!" simu ilipasuka. "Nimesikia! Umeingia kwenye gari la mkeo mchana, mwenyewe hayupo?"

"Dada, nyamaza kwanza." Hakuondoa macho kwa mumewe. "Kwa nini?"

"Huyo mtu..."

"Mtu gani?"

"Mzee wako wa Kona."

"Mtu ambaye hata simjui?"

"Ndiyo hilo hasa!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hakujui. Hajawahi kukuona. Na kakupatia. Mimi niko hapa kila siku, nimekuegemea bega, na unaniambia siyo mbaya."

Mke alijisogeza mkekani, akamgeukia mzima mzima.

"Setingi zako ni nzuri," mke alisema. "Ila ni zako. Wewe unachelewa breki, halafu unalitupa gari kwenye kona kama mzigo. Mimi nashika mapema, naachia polepole. Kila nikiendesha la kwako, naendesha mwili wako. Hujaliona hilo kwa sababu hunitazami mimi. Unalitazama gari."

"Mimi nakujua wewe kuliko..."

"Unanijua! Magauni yako yote yananibana kwapani."

Fundi alilitazama gauni alilovaa mkewe, pale kwapani.

"Yote?"

"Yote. Tangu la harusi. Hujawahi kunipima hata siku moja. Unasema mimi unanijua kwa macho."

"Hilo la kwapani ni kweli, shemeji," ilisema simu, kwa upole safari hii. "Hata kwenye picha linaonekana."

Fundi alikuwa amewapima walevi waliolala wamesimama. Alikuwa amewapima maharusi wanaolia, wazee wenye kigongo, mapacha waliokataa kufanana, wote kwa futi ya kamba, mara mbili mbili, asiwaamini hata waliposema wanajijua. Mtu mmoja tu ndiye aliyemkatia kitambaa kwa kumbukumbu.

Alianza kubonyeza, haraka, kurudisha namba za mwenye helmeti mahali pake. Mkewe akamnyang'anya padi.

"Acha. Usiguse tena." Vidole vyake vilitembea kwenye vitufe. "Nafuta zote. Zake na zako."

"Zake pia?" aliuliza Fundi, na aibu ikamshika kwa jinsi moyo wake ulivyoruka.

"Usifurahi. Naliendesha kwanza lilivyotoka kiwandani, nijue linataka nini, na mimi nataka nini. Wewe kaa pale. Siyo ukutani, pale, unitazame mimi. Nikimaliza utaniambia umeona nini. Dada, upo?"

"Nipo, nazeeka tu huku."

"Tunarudia."

Fundi akakaa pale alipoonyeshwa, mgongo umeelekea televisheni, mikono mapajani kama mteja. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa umekaa naye hapohapo mkekani, umepunguza sauti tu, unauliza yule mtu wa helmeti aliyaonaje haya yote bila kuwa na macho chumbani.

Taa zikawaka usoni mwa mkewe, nyekundu, kisha kijani.

Injini aliisikia tu. Alichokiona ni dole gumba linapapasa kitufe cha breki mapema mno, mapema kuliko alivyowahi kuthubutu, kisha linaachia kidogo, na kidogo tena, jinsi mtu anavyotoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Aliona bega la kushoto linashuka kabla ya lolote kutokea. Kwa masikio alijua barabara iliyonyooka inakwisha na kona ya ghala inakuja, inakuja, na mahali ambapo yeye mwenyewe angeshika breki, kidole cha mkewe kilikuwa kimeshaachia kitambo.

Mguu wa Fundi, wenyewe tu, ulikandamiza mkeka kutafuta breki.