Mita Ishirini

Sindano ilikuwa imemwingia Lorraine Tasker kiganjani ikatokeza upande wa pili, naye hakujua. Aliendelea kuchambua mashuka ya hospitali, ya damu huku, ya kinyesi kule, akiyatupa kwenye matoroli, mpaka Pauline wa meza ya jirani alipomshika mkono na kumwonyesha. Kila shuka aliloligusa lilikuwa na alama nyekundu ya vidole vyake. Pauline aliichomoa ile sindano huku amegeuza uso. Lorraine hakugeuza. Aliutazama mkono wake kama unavyotazama mkono wa abiria aliyekaa karibu nawe.

Msimamizi alitaka kujua kwa nini hakuvaa glavu. Alikuwa amezivaa, sindano ilizipenya. Wakamtuma akapimwe damu, na muda aliokaa hospitali wakaukata kwenye mshahara.

Kwa miaka tisa ugonjwa ulikuwa ukiguguna mishipa yake ya fahamu kama panya anavyoguguna waya. Kuna wakati ulimchukua jicho moja, ukamrudishia baada ya wiki mbili. Kuna wakati ulimchukua mguu wa kushoto asubuhi na kumwachia jioni. Upande wa kulia ulikuwa umeacha kabisa kusikia joto au maumivu. Lakini alikuwa na kodi ya kulipa, na kukaa ndani akitazama ukuta hakukuweza. Basi alifanya kazi nusu siku katika kile kiwanda cha kufulia, nje kidogo ya Burnley, na serikali ikampa posho ya ulemavu. Posho hiyo hupewa hata mwenye kazi, maana ni ya kumsaidia mgonjwa aweze kuishi kama wenzake. Kwa posho hiyo alikodishiwa gari. Bila gari kazi isingekuwepo, kwa sababu kituo cha basi kiko chini ya mlima na kiwanda kiko juu.

Halafu wakamwita wamkague upya.

Mkaguzi alikuwa msichana mpole, akamletea maji kwenye kikombe cha karatasi. Akamnyooshea mikono, akamwambia aisukume, aivute, ainue mguu, afumbe macho. Siku ile miguu ilikuwa imeamka vizuri. Alipoulizwa juu ya kazi, Lorraine alieleza kwa fahari kidogo, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa wake walikuwa wameshaacha.

"Kwa hiyo unasimama zamu nzima," msichana akasema.

"Naegemea meza, mwanangu. Na kuna siku Pauline ananifungia viatu."

"Lakini unasimama."

"Nasimama."

Msichana akaandika. Jibu lilipokuja lilisema kwamba Bi Tasker anaweza kutembea bila taabu zaidi ya mita ishirini, kipimo ambacho mtu akikipita hapewi gari, kwa kuwa ana ajira ya kusimama. Posho ilikatwa, na gari lingechukuliwa. Lorraine akakata rufaa, akaendelea kwenda kazini kwa gari ambalo halikuwa lake tena ila kwa wiki chache.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Craig Duckworth. Naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile kile, mpakizi, hadi siku ile kizimba cha mashuka mabichi kilipomwangukia mgongoni. Aliomba posho wakamnyima. Akaomba tena, na safari hii mtu wa kwenye simu alimwambia kwamba kuna watu wanaoumwa kuliko yeye na wanafanya kazi. Craig alimjua mmoja tu.

Alianza kwa kumpiga picha kutoka dirishani, akishuka garini, akibeba mkate. Akafuatia kwa kumwaga taka juu ya gari. Lorraine alipiga simu polisi, wakamwambia atunze ushahidi. Jumamosi moja Craig alimkuta kwenye maegesho ya supamaketi, ameegesha nafasi ya walemavu, fimbo mkono mmoja na mfuko wa viazi mkono wa pili.

"Leo unaumwa mguu gani, bibie?"

Lorraine alimwomba ampishe. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsemesha mbwa asiyemjua.

"Nikupishe uende wapi? Wanasema nikuige wewe. Kila nikiwapigia wananitajia wewe. Hebu nionyeshe basi, unafanyaje?"

Akaipiga fimbo teke. Lorraine alikwenda chini pamoja na viazi. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni kabla hajajiinua, jino likavunjika, akalimeza. Kisha yakaja mateke. Ya upande wa kushoto yalimkata pumzi, na ya upande wa kulia hakuyahisi kabisa, alisikia mlio tu, mlio wa kitu kibichi kinachovunjwa, akajua ni mbavu zake. Watu walisimama na matoroli yao. Wawili watatu walitoa simu. Craig alikuwa analia huku anapiga. Alikuwa anataja mgongo wake, anamtaja mkewe, anasema hawezi hata kumnyanyua mtoto wake, na kila neno alilisindikiza kwa buti.

Akaiokota fimbo na kuligeukia gari. Kioo cha mbele kilivunjika kwa pigo la tatu. Akarudi nayo, ameishika kwa mikono miwili.

Hapo Lorraine akainuka. Hakujua miguu ile imetoka wapi, na hata madaktari hawakuweza kumweleza vizuri. Alikimbia katikati ya magari, mdomo unamwaga damu, kiatu kimoja kimebaki nyuma, mkojo unamtiririka mapajani. Alikimbia mpaka kwenye milango ya kioo ya supamaketi, ikafunguka yenyewe, akaanguka ndani, mbele ya ndoo za maua. Miguu haikusogea tena. Ilikaa wiki sita bila kusogea, na iliporudi ilirudi nusu.

Craig alifungwa. Mahakamani aliomba radhi akimtazama machoni, na Lorraine, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, alikosa pa kuangalia. Kiwanda kilimwachisha kazi kwa maneno mazuri na kadi iliyotiwa saini na wote. Pauline alikuja kumwona mara mbili, halafu zamu zikabadilishwa.

Rufaa ikafika. Nyuma ya meza walikaa watatu: hakimu mwanamke mwenye mvi, daktari, na bwana mmoja wa mambo ya walemavu. Kwa upande wa ofisi ya posho alikuja kijana na kompyuta yake. Lorraine alianza kueleza kuhusu miguu, na hakimu akamkatiza kwa upole.

"Bi Tasker, hali yako ya leo si shauri tulilonalo. Kisheria tunaangalia ulivyokuwa wakati ule posho ilipokatwa. Ukitaka, unaweza kuomba upya kwa hali ya sasa."

"Nitaishi na nini nikisubiri?"

Hakimu alisema anaelewa. Kijana akaomba ruhusa ya kuonyesha picha za kamera ya supamaketi, alizopewa baada ya kesi ya Craig kwisha. Alisema zilichukuliwa wiki chache tu baada ya uamuzi, kwa hiyo zinafaa. Akaigeuza kompyuta ili wote waone.

Picha hazikuwa na sauti. Craig alikuwa mdogo kama mwanasesere, na buti lake lilikuwa likipanda na kushuka. Kijana alipeleka mbele haraka sehemu ile, akasimamisha.

"Kuanzia hapa."

Daktari akasogeza kiti. Aliuliza kutoka lile gari jeupe, karibu na alipoinukia Lorraine, mpaka mlangoni ni umbali gani. Kijana alisema walikwenda kupima. Ni mita thelathini na moja.

"Alikuwa ananiua," Lorraine alisema.

"Hilo hatulipingi," daktari alijibu, bila kuondoa macho. "Tunaangalia mwendo tu. Irudishe, tafadhali. Polepole."

Mwanamke wa kwenye picha aliinuka tena. Akakimbia tena, mkono mmoja umeshika mbavu, na nyuma yake mtu na fimbo. Watatu wale waliinama mbele, na kalamu ya hakimu ilisubiri juu ya karatasi. Lorraine alikuwa amekamata ukingo wa meza. Alimtazama yule mwanamke akilipita gari jeupe, akiipita nguzo ya taa, akivuka mistari ya njano, na moyoni akaanza kumsihi.

Anguka, alimwambia. Anguka hapo hapo, dada.