Mashati Mawili Uani kwa Bu Ruminah

Bu Ruminah alikuwa amekalia kuti kavu, na mji mzima wa Pekalongan ulijua. Mwaka jana yeye, mwenyekiti wa ushirika wao, ndiye aliyechagua kitambaa cha karakana zote arobaini za batiki, kikaingia kwenye rangi kikatoka matambara. Safari hii wanawake wenzake wenye karakana walimwambia wazi: akikosea tena, uenyekiti basi.

Asubuhi hiyo wauzaji wawili walikuwa uani kwake, kila mmoja akiutaka mkataba wa mwaka mzima. Tuan Terpstra, Mholanzi, alileta kopo la biskuti. Tuan Hirose wa Osaka alileta bei ya chini.

"Shika mwenyewe, Bu. Kizito!" alisema Terpstra. "Cha huyu ni chandarua."

"Chandarua chenyewe nusu bei," Hirose akamjibu, anacheka.

"Mbakyu Wagiyem," Bu Ruminah akamwita fundi wake mkongwe, "hebu loweka vyote."

Wagiyem akavilowesha, akavitandika juu ya gogo, akaanza kuvitwanga kwa nyundo ya mbao, kama kila kitambaa kinavyotwangwa hapo kabla hakijaguswa na nta ya kuchorea. Maji yakatoka meupe pe.

"Jamani, hawa wametuletea uji!" Wagiyem akapiga kelele. Akainua kitambaa cha Terpstra, Hirose akaonekana upande wa pili. Akainua cha Hirose, Terpstra naye akaonekana, mwekundu kama pilipili.

"Tuliambiwa huku mnapenda kizito," akajitetea.

"Nani kakwambia tunavaa wanga?" Bu Ruminah akamkata.

Wenzake wanakuja adhuhuri kusikia jibu, naye mkononi hana kitu! Ndipo macho yake yakatua kwenye shati la Terpstra. Kola imefubaa kwa kufuliwa, ila kitambaa bado kimeshikana barabara. Akalitazama la Hirose. Vilevile!

"Vueni mashati."

"Ati nini?"

"Vueni, bwana, jua linapanda."

Wakavua. Wagiyem akayatwanga bila huruma. Maji yakatoka safi, na mashati hayakulegea hata uzi.

"Hiki tunauza kwetu tu," Terpstra akanung'unika, mikono kifuani.

"Sisi tutakileta," Hirose akadakia. "Kwa bei ya kile kizito cha mwenzangu."

"Na sisi! Na nauli ya meli juu yetu!"

Bu Ruminah nusura acheke. "Karakana ishirini kwako, ishirini kwako. Kila robota litatwangwa hapa. Atakayezembea, mwenzake anachukua zote."

Wakatia saini vifua wazi. Wanawake walipofika, kila mmoja aliyavuta mashati yale kwa nguvu zake zote, yasichanike.

"Haya, kiti nikalie au nisikalie?" akawauliza.

"Kalia, Bu," Wagiyem akajibu kwa niaba yao. "Ila wape watu nguo zao, majirani wanachungulia."

"Thubutu! Mashati nabaki nayo mpaka mzigo ufike, nilinganishe."

Akawapa shuka mbili za batiki wajifunike. Wakaondoka kuelekea stesheni, wakibishana ya nani nzuri zaidi.