Mahali pa Kutawadhia

Timazi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa karakanani, mwaka wa kwanza, siku aliposimama mbele ya ukuta uliojengwa na mwalimu mwenyewe akasema, "Samahani mwalimu, huu umelala." Mwalimu akacheka, akaitundika timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia wima, na kweli, ukuta ulikuwa umelala upana wa ukucha. Tangu hapo msichana yule wa uashi, binti wa mzee wa kanisa, akawa Timazi kwa kila mtu, hata kwa kaka yake, aliyekuwa akisoma uashi pale pale chuoni akiwa mbele yake kwa mwaka mmoja. Kaka huyo ndiye aliyembembeleza baba hadi akakubali binti ashike mwiko.

Rafiki yake aliitwa Koki. Huyu alisomea mabomba, na jina lake lilitokana na mdomo: ukishafunguka, hakuna wa kuufunga. Alivaa hijabu chini ya kofia ngumu ya kazi na kupanda mapaa ambayo wavulana waliyaogopa. Tangu wapangwe chumba kimoja bwenini, walikuwa chanda na pete.

Urafiki wao ulikuwa kioja, maana chuo kilikuwa na ugomvi wa zamani. Chumba cha ibada kilikuwa kimoja. Wa msikitini walikitumia Ijumaa, wa kwaya Jumapili, na siku za katikati walikigombania kama fisi na mfupa. Leo viatu vya hawa vimetupwa matopeni, kesho ngoma ya wale imepasuliwa. Mwishowe hata bwaloni meza ziligawanyika, na aliyekosea meza alitazamwa kama mwizi wa kuku.

Mwalimu mlezi wa wanafunzi, mzee wa kikohozi kisichokwisha, aliwaita viongozi wa pande zote mbili. "Semina nimefanya," akasema. "Wageni nimewaleta, mmewapigia makofi, kisha mmerudi kununiana. Maneno matupu hayavunji mfupa. Sasa mtashika koleo."

Kazi yenyewe ilikuwa hii: nje ya chumba cha ibada hapakuwa na maji. Wa msikitini walitawadhia bwenini na kurudi miguu imejaa vumbi. Wanakwaya walivuka uwanja mzima kutafuta maji ya kunywa. Basi wajenge pamoja, ukutani pale pale, mahali pa kutawadhia pa wale na bomba la kunywea la wote. Timazi akapewa kusimamia matofali, Koki mabomba.

Mwanzoni walifanya kazi kama watu wa msibani. Kundi hili likichimba shimo la maji machafu, lile linasimama pembeni. Ila zege ukishalichanganya halisubiri mtu anune, litakukaukia. Wakaanza kupokezana ndoo. Siku moja mpiga ngoma wa kwaya, kijana mpole mrefu kama mlingoti, akauliza kwa nini viti vya matofali vinakaa chini hivyo.

Koki akakaa, akainua mguu wenye buti. "Nikikaa juu kama unavyotaka, maji yatanirudia kifuani. Naosha miguu, bwana, siogeshwi."

"Mimi nilidhani mnaosha dhambi."

"Zako wewe zitataka tangi zima!"

Wakaangua kicheko. Hata amiri wa wanafunzi wa msikitini, ambaye meno yake yalikuwa hayajaonwa na mtu, alijifanya anajipangusa jasho. Timazi, mwiko mkononi, akarudi kwenye tofali lake akicheka.

Kaka yake hakuja hata mara moja. "Ukimpa shubiri atachukua pima," alimwambia. "Leo mnawajengea pa kunawa, kesho chumba kizima chao. Utakuja kuniambia."

Asubuhi ya kufungua, walikuta kila kitu kimevunjwa. Viti vya matofali vilikuwa vifusi, mabomba yamepindwa, tangi limetobolewa na maji yake yamegeuza uwanja kuwa tope. Koki alisimama katikati ameshika kipande cha bomba. Hakusema neno, na kwa waliomjua, hilo ndilo lililotisha. Amiri akatema mate chini. "Tuliwaambia," akasema, akaondoka na watu wake. Kabla ya jua la utosi uvumi ulikuwa mwingi kuliko watu: wanakwaya wamevunja, la, wa msikitini wenyewe wamevunja ili wawasingizie wenzao.

Jumapili Timazi alikwenda nyumbani kula chakula na wazazi wake. Kaka yake alikuwapo. Alikuwa akishika kijiko kwa ncha za vidole, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka.

"Kaka, mikono imefanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

Akainua macho, hana wasiwasi hata chembe. "Hiyo hiyo unayoifikiria."

Mama akainuka kwenda kuchukua maji ambayo tayari yalikuwa mezani. Baba aliendelea kutafuna, na hapo Timazi akajua kwamba baba anajua.

Timazi na baba yake walipotoka nje uani, mzee alisema taratibu, sauti ile ile ya kuombea wagonjwa. "Mwanangu, mtoto akikunyea mkononi, mkono huukati. Amebakiza muhula mmoja. Ukisema, umemzika kaka yako."

"Na wale wengine, baba?"

"Wale wana baba zao."

 Timazi alirudi chuoni na kimya chake kama mtu aliyemeza mfupa. Kila jioni Koki alikaa kitandani kwake akifuta bomba lililopinda kwa kitambaa. "Nikimjua aliyefanya, sitamfanya kitu," alisema. "Nataka aniambie tu nilimkosea nini." Timazi aligeukia ukuta akajifanya ana usingizi.

Jumatano, nyuma ya karakana ya umeme, vijana watano wa msikitini walimvizia mpiga ngoma. Yule ambaye hakuvunja hata kikombe maishani mwake alivunjwa mkono mahali pawili. Miongoni mwa waliompiga alikuwa mdogo wake Koki, mwanafunzi wa umeme, mtoto ambaye Timazi alizoea kumshonea vifungo.

Hapo ndipo Timazi alipokwenda kwa mwalimu mlezi akasema yote. Mzee alivua miwani, akakohoa kwa muda mrefu. "Ahsante kwa kuja," akasema. "Lakini maji yameshamwagika, binti yangu."

Timazi alidhani ukweli ukitoka utazima moto. Haukuzima kitu. Kaka yake alifukuzwa. Wanakwaya wakamwita Timazi msaliti, wakamwekea takataka kitandani. Wa msikitini nao wakasema wenzao wamemtoa mmoja kafara kuwafunika walio wengi. Baba hakupokea simu zake tena. Mama alipokea mara moja, akanong'ona, "Usije kwanza," akakata. Mdogo wake Koki alifukuzwa pia, naye kutoka mlangoni pa ofisi akaingizwa kwenye gari la polisi.

Koki alimkuta kambani, anaanua nguo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Koki akaanza kukunja shuka, pembe kwa pembe, kwa utulivu. "Ungesema Jumatatu, mdogo wangu angekuwa darasani sasa."

"Alikuwa kaka yangu, Koki."

"Najua. Na mimi nilikuwa na mdogo." Akaiweka shuka kwenye beseni. "Tena ningekuwa wewe, labda na mimi ningenyamaza. Ndiyo maana siwezi kukutazama." Jioni hiyo alihamia chumba kingine.

Timazi alikwenda hospitali kumwona mpiga ngoma. Alimkuta ameelekea dirishani. "Kama umekuja kuniambia habari za umoja," kijana akasema bila kugeuka, "ngoja kwanza nipate mkono wa kukupigia makofi." Timazi akaweka matunda mezani, akatoka.

Chuo kikapiga marufuku mikusanyiko yote ya dini. Chumba cha ibada kikajazwa viti vibovu. Mwalimu mlezi akaombwa astaafu mapema. Aliondoka mchana wakati wa vipindi, hakuagwa na mtu. Bwaloni hakukuwa na haja tena ya kugombania meza, maana wengi walichukua sahani wakala vyumbani, na wakubwa wa chuo wakaandika kwamba amani imerudi.

Mwisho wa mwaka ulipofika, mtihani wa vitendo ulitaka mwashi na fundi bomba wajenge sinki la nje pamoja. Msimamizi alikuwa mgeni kutoka nje ya chuo, hakujua lolote. Akampanga Timazi na Koki.

"Bomba lipite wapi?" Timazi aliuliza.

"Hapo. Acha nafasi ya kiunganishi."

"Hivi?"

"Ongeza kidogo."

Ndiyo maneno waliyosema asubuhi nzima. Mikono yao ilijuana. Mmoja akinyoosha kiganja, mwenzake ameshaweka kifaa. Maji yalipofunguliwa hayakuvuja hata tone. Msimamizi akapita akizunguka kazi yao, akafurahi. "Hawa ndio watu wanaoelewana," akawaambia wengine. "Tazameni hawa."

Koki alinawa, akakausha vidole kimoja kimoja kwenye ovaroli. Timazi alidhani atasema kitu, maana midomo ilicheza. Kisha akachukua sanduku lake la vifaa akaenda zake, akipita kando ya ukuta hadi alipopotea kwenye kona.

Saruji mbichi ikiachwa juani hupasuka. Timazi alijaza kopo, akabaki pale kuinyunyizia maji, akiwa hana mahali pengine pa kwenda.