Msanii Hajulikani

Kipandio cha tisa cha ngazi hakikuwepo. Kilianguka miaka sita iliyopita, na ofisi ya mtaa iliahidi kukitengeneza, kwa barua yenye mihuri miwili. Wanafunzi wa shule ya bweni walipanda gizani, na kila mmoja alijikwaa hapo kwa zamu na kwa nidhamu, isipokuwa Kaleab. Yeye aliruka bila kutazama.

"Umejuaje kuna shimo?" Robel akamuuliza.

"Bahati tu."

Kaleab alizaliwa katika jengo hilo la ghorofa, Piyasa, mtaa mkongwe wa jiji. Shuleni, hata hivyo, ilijulikana kwamba kwao ni Bole, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba yenye geti linalojifungua lenyewe. Geti hilo alilijenga mwenyewe, kwa maneno, muhula wa kwanza, na kila muhula aliliongezea kitu. Sasa lilikuwa na mbwa wawili.

Jengo lingebomolewa Jumatatu. Wachoraji wa mtaa walipewa wiki moja walipambe, na Mwalimu Zerihun aliona vijana wanahitaji kutazama sanaa. Kuta zilijaa mabawa, na nyuso za wapangaji waliokwisha kuhamishwa. Umeme uliokuwa umekatwa kwa miezi minne ulirudishwa kwa ajili ya michoro. Ngazi si sanaa, kwa hiyo ngazi zilibaki na giza lake.

Kaleab aliomba mama yake awe sokoni. Hakuwa. Mama huyo, Weizero Aselefech, alikuwa chumbani mwake, mwisho wa korido, akimimina uji wa nafaka ya tefu kwenye kikaango cha umeme. Tangu umeme urudi alikuwa akioka injera, mikate myembamba na mipana, za kuuza, maana unga uliochachuka haumngoji mtu. Wanafunzi walimpiga picha, wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho.

Aliinua uso, akamwona mwanawe. Akaona pia jinsi alivyogeukia dirishani. Akafunika kikaango.

"Karibuni, wageni," alisema, kwa wote sawasawa.

"Mama, wanakulipa kukaa hapa?" Robel akauliza.

"Mimi ndiye ninayelipa, mwanangu. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Walicheka. Akawamiminia kahawa, akimuuliza kila mmoja sukari kiasi gani. Kwenye kikombe cha Kaleab aliweka vijiko vitatu bila kuuliza.

"Pokea, mgeni."

Robel alikitazama kikombe, kisha akamtazama Kaleab. 

Kwenye mwimo wa mlango palikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na mwaka wake. Wachoraji walikuwa wameizungushia fremu na kubandika kadi. Mwalimu Zerihun aliisoma kwa sauti ya kanisani: "Mistari. Msanii hajulikani." Akawataka wanafunzi watafakari. Wakatafakari.

Ndipo Ato Mulatu, afisa wa mtaa, akaingia na kitambulisho chake shingoni. Alisema kikaango kinafifisha taa za michoro. Weizero Aselefech alimweleza kwamba limebaki bakuli moja tu la uji, na maonyesho yakifungwa Jumapili, umeme nao unaondoka.

"Kuna wageni, mama," alisema Ato Mulatu, akachomoa waya mwenyewe.

Injera ilibaki mbichi katikati. Weizero Aselefech akamwomba afisa radhi. Alimwomba radhi mbele ya watu wote, huku akijifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Kaleab aliweka kikombe chini. Akavua viatu vya shule, akasimama mlangoni, mgongo kwenye ile mistari.

"Wewe, usiguse kazi za watu," Ato Mulatu akamwonya.

"Mama," Kaleab alisema. "Nipime."

Hakuna aliyecheka. Mama yake alitafuta kipande cha mkaa kwenye jiko la kahawa, akaja, akamwekea kiganja juu ya kichwa, kama alivyofanya kila sikukuu ya mwaka mpya.

"Visigino chini," alimwambia taratibu. "Kila mwaka unadanganya."

Kaleab akashusha visigino.